Shajara ya mradi: kutafuta mwanzo wa Klabu yetu ya chuo

Februari, wikendi ya kwanza

Nimeanza kuandika maendeleo hapa ndio komiti na wale wazee wetu walio mbali wafuate tumefika wapi, juu kwa group ya simu mambo yanapotea, mtu anatuma picha nzuri ya zamani leo na kesho imefunikwa na matangazo ya harambee. Kazi yenyewe ni kuandika historia ya Klabu yetu ya sosho hapa Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu ianze hadi leo, iwe kijitabu na pia maonyesho madogo ya picha. Jina la Klabu sitaji, na majina ya watu pia sitaji, tulikubaliana hivo kwa mkutano juu wengi wako hai na hawajaulizwa, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ambayo si ya kuchezea. Nitasema Klabu tu, wenyewe wataelewa.

Kwa wale hawaijui: ni chama cha wanafunzi cha kukaa pamoja. Sio ya siasa, sio ya dini, sio ya kozi moja wala ya watu wa kwao. Jumamosi watu wanakutana, wanakula, muziki unawekwa, wengine wako kwa karata wengine kwa bao, kila muhula kuna dansi moja kubwa na safari, Ngong Hills au Longonot, au pwani kama mfuko unaruhusu. Na ndani ya Klabu ni Kiswahili. Hio ndio sheria moja ambayo kila mtu niliyeongea naye, wa umri wowote, anaitaja kabla sijamuuliza.

Tulichokua nacho mwanzoni ni bango limeandikwa "tangu 1984" na hotuba ya kila mwaka inayosema hivo hivo.

Februari, katikati ya wiki

Sanduku limekuja!

Kuna mzee alikua kastodiani, yaani mtunzaji, wa hosteli miaka mingi sana, alishastaafu, binti yake ndio alipiga simu akasema babake ana kitu cha Klabu na anataka kukikabidhi akiwa bado ana nguvu. Tukaenda. Ni sanduku la chuma, lile la kwenda nalo bodi, rangi ya bluu imebanduka, kufuli ni ya juzi tu ju ile ya zamani ilishikwa na kutu. Mzee ametuketisha, tukapewa chai, akatuuliza mmoja mmoja tunasoma nini, ndio akafungua. Ndani kuna leja moja kubwa, daftari mbili za kumbukumbu za mikutano, bahasha za picha, risiti zimechomwa kwa waya, kaseti mbili, na kitambaa cha meza ambacho mpaka saa hii hatujui ni cha nini.

Nilimuuliza kwa nini alikaa nalo. Akasema wanafunzi walikua wakifukuzwa nyumbani kwa saa chache tu, redio inatangaza chuo kimefungwa, watu wanabeba nguo wanaacha vingine, na yeye ndio alibaki na funguo za stoo. "Mnarudi watu wengine kabisa, mimi ni yule yule." Kila chuo kikifunguliwa alikua anangoja mtu aje aulize sanduku. Mara zingine walikuja, mara zingine hawakujua kama kuna kitu cha kuuliza.

Nimelala nikifikiria hio maneno. Nadhani historia yote ya Klabu imekaa hapo.

Februari, Jumamosi

Siku nzima ni kusafisha. Tumetoa pini za kutu, tumetenganisha picha zilizoshikana (zile zimeshikana kabisa tumeziacha hivo, usivute picha kavu, utang'oa uso wa mtu), kila bahasha imepewa namba na kila karatasi pia kabla iguswe na skana. Picha ni dipiai 600, karatasi 400, nakala moja kwa kompyuta ya komiti na nyingine kwa diski iko nyumba ingine. Silika jeli tumetoa kwa maboksi ya viatu, inafanya kazi vizuri tu.

Machi, mwanzo

Sasa mambo ya tarehe, na hapa ndio bango letu limeanza kutetemeka.

Kuna picha ya watu kama ishirini wamesimama kwa ngazi, wanaume wamevaa tai, wadada wamevaa gauni za kufika magotini, na mbele mmoja ameshika kibao kimeandikwa kwa mkono jina la Klabu na chini yake "University College, Nairobi". Sikia sasa. Chuo chetu kilianza kuchukua wanafunzi 1956 kikiitwa Royal Technical College, 1961 kikawa Royal College chini ya uhusiano na Chuo Kikuu cha London, Mei 1964 kikawa University College, Nairobi, na 1970 ndio kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi kinachojitegemea. Kwa hivo hio picha haiwezi kua ya 1984, labda mtu aandike jina la chuo ambalo halikuepo tena kwa miaka kumi na nne. Ni ya kati ya 1964 na 1970.

Leja imekubaliana na picha. Kurasa za kwanza zimepotea lakini ukurasa wa zamani tulio nao ni wa 1967, na haionekani kama mwanzo wa kitu, inaanza na salio lililoletwa kutoka ukurasa wa nyuma. Yaani Klabu ilikua na pesa tayari.

Nimeketi na hio leja siku kadhaa na kitu kimoja kilinishtua. Orodha ya michango ina majina ya watu na mahali wametoka, na mahali si Mombasa na Lamu peke yake vile nilikua nadhani. Kuna Tanga, Moshi, Bukoba, Unguja, Jinja, Mbale. Nusu ya Klabu ni Watanzania na Waganda! Halafu nikakumbuka, enyewe kwanza Nairobi ilikua sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963 hadi 1970, pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na kozi ziligawanywa, ukitaka udaktari wa watu unaenda Makerere, sheria unaenda Dar, na ukitaka uhandisi, usanifu wa majengo au udaktari wa mifugo unakuja Nairobi. Kijana wa Moshi anayetaka kua injinia hakua na njia ingine karibu, lazima apande basi aje hapa University Way. Sasa fikiria umefika, hujui mtu, Mganda anaongea lugha yake na Mkenya yake, darasani ni Kizungu cha mwalimu, na wikendi mji ni mgeni kwako. Kiswahili ndio kiliwaketisha meza moja. Ile sheria yetu tunayoiimba haikutoka kwa kupenda lugha tu, ilikua hitaji la watu.

Na majina ya Tanzania yanaendelea mpaka kama 1973, 1974, yanaanza kupungua. Dar walifungua kitivo chao cha uhandisi 1973. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Baada ya hapo kwa leja hakuna Tanga wala Moshi tena. Mtu mmoja wa komiti alisema hii ni mambo ya siasa za nchi haituhusu, mimi nasema inatuhusu kabisa, ndio sababu kizazi cha baadaye kilidhani Klabu ni ya watu wa pwani. Waliobaki wakiongea Kiswahili kama lugha ya nyumbani walikua wa pwani.

Machi, Jumanne

Nimeshinda Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, lile jengo lilikua benki ya India zamani. Unaingia unapita mkusanyiko wa Murumbi chini, vinyago na stempu na vitu vizuri sana, nikajilazimisha kupanda juu bila kusimama. Penseli tu, hakuna kalamu. Nilikua natafuta magazeti ya Januari 1969, juu kwa leja hio tarehe kuna kitu "kurudishiwa malipo ya bendi" na kumefutwa dansi nzima. Imeeleweka: mwezi huo Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, alizuiwa kuhutubia wanafunzi, wakagoma, chuo kikafungwa. Dansi ilikufa na bendi ilirudisha pesa. Bendi ya watu waungwana.

Machi, mwisho

Mahojiano na mama mmoja mstaafu anaishi South C. Alikua mwanafunzi miaka ya sabini mwanzoni, kwao ni Mombasa. Nitaandika kirefu kidogo juu hii imebadilisha sura nzima ya kijitabu.

Nimefika, "Shikamoo mama," akasema "Marahaba mwanangu, kaa, hilo daftari umelibeba?" Sikua hata nimekunywa maji. Nikampa nakala za leja, akaziangalia kimya, akafika ukurasa fulani akaweka kidole. "Huu mwandiko wangu. Saba yangu naikata katikati, waona? Babangu alikuwa karani wa reli, ndiye aliyenifunza." Nikaangalia, kweli, saba zote za hio miaka zimekatwa kamstari, na kabla yake hazijakatwa na baada yake hazijakatwa.

Sasa kwa picha zetu zote wadada wako wanapakua chakula au wamekaa mbele wametabasamu, na kwa orodha ya viongozi iliyoandikwa baadaye ni wanaume watupu. Nilimwambia hivo, bila kuzunguka. Akasema, "Nyinyi mwaona picha twapakua, mwasema hiyo ndiyo kazi yetu. Pesa ilishikwa na nani? Spika ilikodiwa na nani? Mwenyekiti alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na kitabu." Yeye alikua mweka hazina, na kabla yake alikua dada mwingine wa hosteli hio hio ya wasichana, na walipokezana hio kazi wao kwa wao kwa sababu wavulana walikua wakipewa pesa inaisha kabla ya dansi. Ameniambia hata vile walifanya, leja ililala kwa wasichana na pesa ililala kwa kastodiani, ndio asiwepo mtu mmoja mwenye vyote viwili.

Kwa hivo yule mzee wetu hakuanza kulinda mali ya Klabu kwa bahati mbaya. Alipewa, na wasichana, kwa mpango. Nimerudi kumuuliza kwa simu akacheka sana akasema "Hao watoto walikua wakali."

Pendekezo langu kwa komiti: sura ya pili iwe ya waweka hazina, na ije kabla ya sura ya wenyeviti.

Aprili, baada ya Pasaka

Daftari la pili la mikutano. Mkutano wa mwisho kabla ya pengo ni wa Julai 1982, wanapanga dansi ya kukaribisha mafresha, nani ataleta amplifaya, nani ataongea na mesi. Halafu kurasa tupu. Agosti 1, Jumapili, lilikua jaribio la mapinduzi, na chuo kilifungwa zaidi ya mwaka mzima, hadi mwisho wa 1983. Wanafunzi wengine walikamatwa, wengine walihukumiwa. Titus Adungosi aliyekua mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wote wa chuo, alifungwa miaka kumi na akafia jela 1988. Waliobaki walikua mashambani kwao wanapiga ripoti kwa chifu.

Hapa sitaki kuandika haraka haraka. Nimewasiliana na watu wawili waliokua kwa hio komiti ya 1982. Mmoja amesema ataongea, mwingine amesema hapana, na hio hapana tunaiheshimu na hatutamsumbua tena.

Baada ya kurasa tupu kuna mwandiko mpya na tarehe ya 1984, na maneno "Mkutano wa kwanza". Hawa ndio waanzilishi wetu wa bangoni. Nimeongea na wanne wao na wote wanaapa hakukua na kitu kabla yao, na ninawaamini kabisa, hawasemi uongo. Wao walijuana Gilgil! Kuanzia 1984 kila aliyeitwa chuo alipitia kwanza mafunzo ya NYS, huduma ya vijana kwa taifa, kwata na panga na kuamka usiku, na pale ndio walifanya urafiki, wakaimba pamoja, wakaja chuo tayari ni kundi. Walitaka mahali pa kukaa Jumamosi. Kastodiani akawaambia kuna chama kilikuepo cha namna hio, na kuna daftari lina kurasa zimebaki, wakachukua daftari kwa sababu karatasi ilikua pesa. Mmoja wao amenambia, "Tuliona yale ya mbele, lakini tulikua na miaka kumi na tisa, tukafungua ukurasa wetu tukaanza."

Kwa maoni yangu wao ni waanzilishi pia. Kufufua kitu wakati ule, wakati watu kumi wakikaa pamoja kisheria ni chama na chama lazima kisajiliwe, na NUSO, chama cha wanafunzi kabla ya SONU, ilishapigwa marufuku 1979, na SONU nayo ingepigwa marufuku 1987, ilihitaji moyo. Februari 1985 polisi waliingia kwa wanafunzi waliokua kwa maombi uwanjani Main Campus na mwanafunzi akafa. Hio wiki daftari lina mstari mmoja tu: hakuna muziki.

Aprili, wikendi

Mabishano ya pilau. Mwenyekiti wetu wa sasa alikua ameshaandika kwa utangulizi kwamba pilau ya Jumamosi ni ya tangu enzi. Leja inasema hapana. Miaka ya sitini na sabini na themanini hakuna mchele, hakuna nyama, hakuna bizari, kuna mikate, soda, karanga, betri, sindano za gramafoni, mishumaa. Chakula kilitoka mesi juu wanafunzi walikua wanalishwa, Klabu inaandika barua tu kuomba meza. Mchele unaingia kwa hesabu miaka ya tisini mwanzoni, wakati kulipia masomo na chakula kulianza kuangukia mwanafunzi mwenyewe na mesi ikawa unalipa kile unakula. Watu wakaanza kuchangisha bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, kidogo kidogo wanapika sufuria moja kubwa, ni rahisi kuliko kila mtu kununua sahani yake. Pilau ya Klabu ilizaliwa na njaa, na mimi naiheshimu zaidi sasa.

Yule mama wa South C ameongeza kwamba pilau ya Idd ilikuepo zamani sana, wakialikwa kwa nyumba za watu Pumwani na Eastleigh. Hio tumeiandika. Ya Idd ndio, ya kila Jumamosi hapana.

Mei, mwanzo

Miaka ya tisini inaenda haraka kwa sababu karatasi ni nyingi na wenyewe wako na simu zao. 1990 watu wa kwanza wa 8-4-4, ule mfumo mpya wa elimu, wanaingia, chuo kinajaa, vyumba vinajaa, Klabu inakua kubwa hadi wanaanza kutoa kadi. Kampasi zimetawanyika tangu mpangilio wa 1985, sheria wako Parklands, kilimo na mifugo Upper Kabete, biashara Lower Kabete, walimu Kikuyu, kwa hivo Jumamosi Main Campus imekua siku ya pekee ya kuonana na mtu mlisoma naye shule ya upili. Kuna faili nzima ya barua za kuomba leseni ya mkusanyiko kwa ajili ya dansi na hata kwa pikiniki moja, mpaka sheria ilipobadilishwa 1997 ikawa unatoa taarifa tu. Barua zimeandikwa kwa adabu ya ajabu, mtu anaeleza kwa afisa idadi ya sufuria.

Mei, Alhamisi

Kaseti! Fundi wa Luthuli Avenue amezifungua, moja mkanda ulikua umekatika akauunga, zote zimeingia kwa kompyuta. Ya kwanza ni rumba upande mmoja na chakacha upande wa pili, imerekodiwa kutoka kwa redio, unasikia mtu akipiga makofi chumbani. Ya pili ni dansi ya 1986, mshereheshaji anaita watu wa kila hosteli wapige kelele, anatania watu wa uhandisi kwamba wamekuja na rula, na katikati anasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna mwanachama amefiwa na mchango unapitishwa kwa kofia. Nimelinganisha na leja, mchango upo, tarehe ipo, na mwenye kutumwa kuupeleka pia yupo.

Nimemtumia yule mshereheshaji kipande cha dakika mbili. Saa hii ni baba ya watu wazima. Amejibu kwa sauti, na hakuweza kumaliza.

Mei, mkutano wa komiti

Tumekubaliana bango libadilishwe, lakini sio kuandika mwaka mwingine mmoja. Tutaweka 1967 kama mwaka wa ushahidi wa kwanza ulioko mkononi na 1984 kama mwaka wa kufufuliwa, zote mbili, kwa herufi za ukubwa sawa. Watu wa 1984 waliokuepo walikua wamekuja wamejipanga kupinga na mwishowe mmoja wao ndio alitoa hoja. Sura ya waweka hazina imepita. Utangulizi umerudishwa kwa mwenyekiti aondoe ile sentensi ya pilau.

Kazi zilizobaki: picha za 1977 hadi 1983 tuko nazo chache sana, mwenye nazo azilete Jumamosi yoyote mchana, tunaskani mbele yake na anaondoka nazo. Tunatafuta pia mtu wa Tanga au Moshi aliyesoma uhandisi hapa miaka ya sitini, hata kama ni mjukuu wake ndio anasoma hii, tuko tayari kupiga simu au kupanda basi. Mimi nimepewa sura ya 1998 kuendelea, wakati masomo ya paralelo, ya kujilipia mwenyewe, yalianza na watu wenye kazi zao wakawa wanakuja Klabu jioni na suti, na wiki ijayo nitaanza na faili za kadi za uanachama.